Ila Itajwe Kabla ya Pesa Kutumwa

Kwenye njia panda ya Kombani, pale barabara ya kupanda Kwale mjini inapoachana na ile ya Lunga Lunga, maembe huuzwa kwa mafungu. Ngowe kivyake, boribo kivyake. Yaliyopondeka njiani hutengwa, bei nusu, na mama anayeuza hukwambia mwenyewe: haya ni ya leo, usiyalaze. Mwenye kutaka ya juisi huyachukua hayo hayo na kuondoka ameridhika. Mama huyo hakulazimishwa na mtu kusema. Anajua kesho utapita tena, naye utamkuta pale pale.

Mwaka jana nilinunua friza kwa njia ya simu. Tangazo lilikuwa kwenye kundi la WhatsApp, picha mbili na maneno machache: friza ya kutoka Uingereza, imetumika kidogo, bei ya haraka. Nikatuma shilingi 18,000. Iliyoletwa na pikapu kutoka Ukunda ilikuwa ya rangi ile ile ya kwenye picha, lakini mpira wa mlango umechanika, na kompresa inanguruma usiku kucha pasipo kugandisha hata kikombe cha maji. Nilipompigia muuzaji hakupokea. Nilipomwandikia alijibu mara moja tu: "Si uliona picha?" Baada ya hapo namba ikawa haipatikani.

Niliowasimulia, wengi walimuunga mkono bila ya kukusudia. Mbona hukwenda kuitazama? Ukunda si mbali. Najua si mbali. Hata hivyo naona swali hilo linamuelekea asiyestahili kuulizwa. Ila ya kitu anaijua aliyeishi nacho. Mimi nilikuwa na picha; yeye alikuwa na friza. Tukizoea kumlaumu aliyenunua, tunamfundisha anayeuza kwamba kazi yake ni kupiga picha nzuri tu.

Sheria yetu inaijua tofauti hiyo, lakini inaishika kwa mkono mmoja. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, tuliyoirithi kwa Waingereza, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, awe muuzaji ni mwenye duka au ni jirani anayehama. Likija suala la ubora, inambana hasa yule ambaye biashara yake ni kuuza vitu vya aina hiyo. Kwa hiyo anayeuza friza ya nyumbani kwake, mara moja tu, anadaiwa kwa alichosema zaidi kuliko kwa alichokinyamazia. Nadhani ndiyo maana matangazo yanazidi kuwa mafupi. "Safi." "Iko sawa." "Wanaotaka kweli wapige simu." Kumshika mtu kwa neno "safi" mbele ya hakimu ni kazi ngumu. Ukimya haushikiki kabisa.

Kwa wafanyabiashara kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ambayo inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha, pamoja na kudai kwamba kitu kimetumika kidogo kuliko kilivyotumika kweli. Kuna pia mahakama za madai madogo, zilizoundwa kwa sheria ya 2016: unadai hadi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na shauri linatakiwa limalizike ndani ya siku 60. Ni hatua njema. Lakini shauri linataka mdaiwa, na mdaiwa wangu ni jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa, kwenye laini ambayo huenda imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine.

Waislamu wa Kwale hawakungoja Bunge liwaeleze jambo hili. Fiqhi inampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, na masimulizi ya Mtume kutia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni Madina akakuta umajimaji chini yake yanasomwa katika kila madrasa. Aliyekuwa akiuza alitakiwa aiweke ile iliyolowa juu, watu waione. Hata hivyo ukienda kwa Kadhi na friza yako hatakusikiliza, kwa kuwa Katiba ya 2010 imemwekea mipaka: hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi.

Kuna hasara nyingine, nayo ni kubwa kuliko zile 18,000. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliogawana Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake anaweza kuielewa yeyote aliyewahi kununua pikipiki mkononi. Mnunuzi asipoweza kutofautisha nzima na mbovu, hutoa bei ya katikati. Mwenye nzima akiona bei hiyo haimfai, anaiondoa sokoni. Wanabaki wenye mbovu, wanunuzi wanazidi kuogopa, bei inazidi kushuka. Ndivyo ilivyo huku kwetu: mwenye bodaboda iliyotunzwa humuuzia binamu yake au mtu wa msikitini kwake, na kundi la simu linabaki kuwa jaa la vilivyoshindikana.

Tazama na minada. Mizigo isiyotolewa kwa wakati katika bandari ya Kilindini hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kisha hunadiwa na Mamlaka ya Mapato, KRA. Tangazo lile ni kavu, halina picha hata moja, lakini lina namba ya kontena, namba ya chesisi, na siku za kwenda kutazama. Pembeni yake kuna kurasa za Facebook zinazojivika nembo ya KRA, zikitangaza Probox kwa bei ya bodaboda. KRA yenyewe imewahi kuwaonya watu juu ya minada ya aina hiyo. Humo picha ni nyingi na zinameremeta, na ada ya "usajili" inatumwa kwa namba ya mtu binafsi. Siku ya kutazama haipo. Mimi sasa natafuta hiyo siku kwanza, kabla ya bei.

Wapo watakaosema kwamba ukilazimisha watu kutaja kasoro utaua biashara ndogo. Sikubali. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alipoanzisha mnada wa mtandaoni uliokuja kuitwa eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa tochi ya leza iliyoharibika. Ilinunuliwa kwa dola 14.83. Omidyar alimuuliza mnunuzi kama anajua kwamba haifanyi kazi, naye akajibu kuwa anakusanya leza mbovu. Kinachowachosha wanunuzi kwenye minada hiyo ni neno "haijajaribiwa". Wanaokusanya treni ndogo za umeme, kama zile za Märklin ya Ujerumani, wanalijua vizuri: kuiweka injini juu ya reli yake na kuwasha ni kazi ya dakika moja, kwa hiyo aliyeandika hajaijaribu mara nyingi ameijaribu, akaona.

Wapo wasiojua kweli, na hao nawahurumia. Mjane anayeuza pikipiki ya marehemu mumewe hawezi kuulizwa habari za injini. Lakini anaweza kuandika: hali ya injini siijui, njoo na fundi. Bei itashuka kidogo, na itakuwa bei ya haki.

Ndiyo maana naona mzigo wa kwanza uwe kwa wenye uwanja. Viongozi wa makundi yetu hufuta ujumbe wa siasa kabla hata hujamaliza kuusoma. Basi wafute pia tangazo lisilosema kitu kinaumwa wapi, lisilo na picha ya leo kikiwa kimewashwa, na lisilotaja mahali pa kwenda kukitazama. Na majukwaa makubwa, kama Jiji iliyoinunua OLX ya hapa Kenya mwaka 2019, hulipwa na wauzaji wanaotaka matangazo yao yapandishwe juu. Anayelipwa ili tangazo lionekane zaidi anastahili kuulizwa lina nini ndani yake.

Ile friza nilikaa nayo miezi minne, ikawa kabati la unga. Nilipoamua kuiondoa niliandika kila kitu kwenye kundi lile lile: kompresa imekufa, mpira wa mlango umechanika, mlango wenyewe mzima, rafu zote zipo, iko Kombani nyuma ya soko, njoo uione. Nikaomba 3,000. Kabla ya Alasiri alikuja fundi kutoka Msambweni na mkokoteni wa kukodi. Hakuiangalia kompresa. Aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, akasema mlango wa aina hiyo ameutafuta tangu Ramadhani.