Mashine moja, bei tatu

Semina za wathamini wa mitambo na vifaa zinawahusu wenye viwanda vidogo kuliko wanavyodhani. Tangu Kenya ipitishe sheria ya dhamana za mali inayohamishika mwaka 2017, mwenye mashine ya kusaga anaweza kuiwekea mkopo bila kuwa na hati ya shamba. Je, mashine hiyo ina thamani gani?

Wathamini hufundishwa kuwa jibu si moja. Ikiwa imefungwa na inasaga, huhesabiwa pamoja na usafirishaji, msingi wa saruji na nyaya za umeme. Ikiuzwa polepole, mnunuzi akitafutwa kwa miezi, gharama hizo nyingi hupotea. Ikipigwa mnada wa haraka, bei hushuka zaidi. Benki huwaza mnada. Mkopaji hukumbuka bei aliyonunulia. Ugomvi huanzia hapo.

Kwa maoni yetu, semina isiyowatoa washiriki hotelini ikawapeleka karakanani, wakasome namba ya mtambo na kuulizia vipuri, ni nusu semina. Nawe mkopaji, usisome tarakimu ya mwisho tu. Muulize mthamini amekadiria uuzaji wa namna gani, na wa tarehe ipi, kabla hujatia sahihi.