Siyo kila konokono ni wa kichocho

Kwanza nimjibu mchangiaji wa hapo juu anayesema konokono wa maji baridi waishe tu kwa sababu wanaleta kichocho. Kaka, wanaobeba kichocho huku kwetu ni wa Biomphalaria na Bulinus, na hao ndio wagumu kuisha! Kila mmoja ana udume na ujike ndani yake, akibaki mmoja tu mferejini anaweza kutaga peke yake na ukoo ukaanza upya. Arusha Chini (siyo huku mjini, ni kule kwenye miwa kusini ya Moshi) Alan Fenwick alihangaika nao kwa sumu mwishoni mwa miaka ya 1960, na sumu ya mferejini haiulizi nani ana kichocho. Anayekwisha kimyakimya ni konokono yule anayeishi kwenye chemchemi moja tu. Nimekulia upande wa Tengeru, pale tulipochota maji mawe yalikuwa na vikonokono vyeusi, vidogo kama ulezi. Chemchemi ikajengewa zege, tukashangilia, maji ya bomba nani hataki? Lakini sikuona mtu aliyekuja kuviangalia vile vikonokono kabla. Angalau chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka porini 2009, akarudishwa 2012 kwa kuwa wenzake walikuwa wamehifadhiwa Marekani. Hivi vyetu nani alivihifadhi? Mwandishi, siku nyingine waulize watu wa maji kama kwenye chemchemi za Meru huwa wanapima kingine zaidi ya floraidi.