Kabla hujamwita mvivu

Wachina wana msemo, chi ku, yaani "kula uchungu". Kwa wazazi wa huko hiyo ni sifa: mtoto anayeweza kula uchungu ndiye atakayefika mbali. Mswahili hauoni mgeni, maana hata yeye hula hasara, hula kiapo, na humkumbusha mwanawe kuwa mchumia juani hulia kivulini.

Vijana wao, hata hivyo, wamekuja na maneno mengine. Linalojulikana zaidi ni 996: kuingia kazini saa tatu asubuhi, kutoka saa tatu usiku, siku 6 kwa wiki. (Kwa saa zetu lingeitwa tatu-tatu-sita.) Ni saa 72, ilhali sheria ya kazi ya China inataja saa 8 kwa siku na wastani usiozidi 44 kwa wiki. Mwaka 2019 watengeneza programu za kompyuta walianzisha kampeni mtandaoni wakaiita 996.ICU; ukifanya kazi hivyo, mwisho wako ni chumba cha wagonjwa mahututi. Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya China ilitamka kwamba ratiba hiyo inavunja sheria.

Utani wa ICU si wa bure. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Ya kufa kwa moyo wenye mishipa iliyoziba iko juu kwa asilimia 17.

Ndipo likaja tang ping, "kujilaza": kijana anafanya kazi ya kumtosha kula na kulala, mbio za cheo na nyumba anawaachia wengine. Wazee wengi waliliita uvivu. Lakini mtegaji ana neno lake, mo yu, "kugusa samaki", yule anayechezea simu bosi akigeuka. Anayejilaza mara nyingi alishakimbia hadi akaishiwa pumzi.

Na mbio zenyewe huanzia nyumbani. Mtoto anayetoka shule akaingizwa tuisheni, kisha piano, kisha Kiingereza, huitwa jiwa, "mtoto kuku". Jina limetokana na msemo wa kudungwa damu ya kuku, na miaka ya 1960 watu walidungwa damu ya jogoo kwelikweli, wakiamini inaongeza nguvu. Siku hizi sindano anayo mzazi.