Programu ya Kompyuta Yataka Kutunzwa kama Josho

Wakulima wa maskimu, siku hizi vyama vingi vya ushirika vimeweka daftari kando na kuanza kutumia kompyuta na simu. Maziwa yakipimwa asubuhi, karani huandika kilo katika mashine, na mwisho wa mwezi mashine hiyo ndiyo isemayo mkulima atalipwa shilingi ngapi baada ya kukatwa deni la dawa na la chakula cha ng'ombe. Jambo hili ni jema, wala sina nia ya kulipinga. Lakini liko swali moja ambalo kila mwanachama yafaa aliulize kabla pesa hazijatoka: Ni nani atakayeitunza programu hiyo mwaka ujao, na mwaka wa kumi?

Programu ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kompyuta ili ijue kazi ya kufanya. Wengi wetu hudhani kwamba kwa kuwa maagizo hayo hayashiki kutu wala hayaliwi na mchwa, basi yakinunuliwa mara moja yatafanya kazi daima. Sivyo. Maagizo yenyewe hayaozi, lakini mambo yanayoyazunguka hubadilika. Simu za namna ya zamani hutoka na mpya huingia. Makato ya serikali hubadilishwa. Benki hubadili njia yake ya kupokea malipo, na wezi nao hujifunza mlango mpya wa kuingilia. Programu isiyorekebishwa hubaki nyuma kidogo kidogo, mpaka siku moja ikakataa kufanya kazi.

Nitawapa mifano. Watu walioandika programu katika miaka ya 1960 na 1970 waliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, yaani 65 badala ya 1965, kwa sababu nafasi ndani ya kompyuta ilikuwa ghali. Hawakufikiri kwamba programu zao zingekuwa zingali zikitumika mwaka 2000, wakati ambapo 00 ingeweza kusomwa kuwa 1900. Lakini nyingi zilikuwa zikitumika. Ilibidi serikali na mabenki ya dunia yatumie mabilioni ya dola kuzichungua na kuzirekebisha. Siku ilipofika, madhara yalikuwa machache, na watu wengine wakasema kwamba pesa zile zilipotea bure. Hao ni sawa na mkulima asemaye kwamba josho halina faida, kwa kuwa ng'ombe wake hawajaugua ndigana.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2017. Mwezi wa Machi kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba tundu lililoonekana katika programu yake ya Windows. Mwezi wa Mei kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita katika tundu lile lile, kikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 100. Huko Uingereza hospitali za serikali ziliguswa, na maelfu ya wagonjwa wakaahirishiwa siku zao za kuonana na daktari. Angalieni jambo hili: dawa ilikuwako miezi miwili kabla ya ugonjwa, lakini wengi hawakuitia. Tena, mjue kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo ilimaliza utunzaji wake wa kawaida wa Windows 10. Chama chenye kompyuta za namna hiyo kimwulize fundi wake mapema kitafanya nini.

Mfano wa tatu mnao mifukoni mwenu. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na wengi wetu twaiona kama kitu kile kile cha siku ya kwanza. Kumbe mwaka 2015 mitambo yake ilihamishwa kutoka Ujerumani ikaletwa hapa Kenya, na programu yake ikabadilishwa. Inadumu kwa sababu wako watu wanaolipwa kuishughulikia usiku na mchana.

Sasa fikirini chama kidogo ambacho programu yake iliandikwa na kijana mmoja hodari. Kijana huyo akapata kazi mbali. Neno la siri analijua yeye peke yake, na kumbukumbu zote zimewekwa kwa namna ambayo programu nyingine haiwezi kuisoma. Siku mashine ikikataa kufunguka, mama aliyeleta maziwa mwezi mzima atadai haki yake kwa ushahidi gani? Katika nyumba nyingi za maskimu mna sanduku lenye risiti za mkopo wa shamba, tangu siku za mpango wa eka milioni ulioanza mwaka 1962. Karatasi zimegeuka rangi, lakini mjukuu aweza kuzisoma. Kumbukumbu za kompyuta nazo yapasa ziweze kusomwa na mjukuu.

Kwa hiyo shauri langu kwa kamati na wanachama ni mambo manne.

Kwanza, mkataba wa kununua programu useme wazi ni nani atakayeirekebisha, kwa miaka mingapi, na kwa bei gani kila mwaka. Fedha hizo ziwekwe katika makadirio na kupitishwa katika mkutano mkuu, kama zile za dawa ya josho.

Pili, kumbukumbu ziwe mali ya chama, si mali ya fundi. Kila mwezi zitolewe kwa mistari ya kawaida ambayo kompyuta yoyote yaweza kuisoma, nakala moja ikae ofisini na nyingine mahali pengine. Mara moja kwa mwaka nakala hiyo ifunguliwe katika kompyuta nyingine ili ijulikane kama ni nzima.

Tatu, kusiwe na kazi inayojulikana na mtu mmoja tu. Maelezo ya kuitumia programu yaandikwe, na mkataba useme kwamba fundi akifunga kazi yake, chama kitapewa maagizo yote ya programu pamoja na ruhusa ya kumpa fundi mwingine ayaendeleze.

Nne, kila kosa linaloonekana liandikwe katika daftari pamoja na tarehe yake, na siku liliporekebishwa. Kosa la shilingi mbili likiachwa leo, litakula shilingi mbili kila mwezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Najua wako watakaosema kwamba hizi ni gharama nyingi, na kwamba wakulima wanataka pesa zao za maziwa, si fundi wa kulipwa kila mwaka. Nami nawajibu kwamba hakuna mtu anayechimba josho, akatia dawa siku ya kulifungua, kisha akaliacha. Dawa ikipungua nguvu, kupe hawafi, na mkulima huendelea kuswaga ng'ombe wake hadi joshoni akidhani amewakinga. Programu iliyoachwa bila matunzo ni vivyo hivyo, maana hutoa hesabu na watu huiamini.

Tena nasema bila kuficha: chama kisichoweza kulipia utunzaji kisinunue programu. Daftari lililoandikwa vizuri, likakaguliwa kila mwezi na kufungiwa kabatini, ni bora mara nyingi kuliko kompyuta ya fahari isiyo na mwangalizi. Haraka ya nini?

Basi, mkulima, mkutano mkuu utakapofika, usingoje mpaka soda zigawanywe. Simama, uliza programu yetu inatunzwa na nani, na nakala ya kumbukumbu zetu iko wapi. Kamati ikijibu mara moja, wapongezeni. Ikitazamana, kazi hiyo ianze siku ile ile, kabla ya ajenda nyingine.