DHAMANA YA NYUMBA NA DHAMANA YA SERIKALI



Wapo watakaouliza: Kibirizi ya Kigoma inatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Inatuhusu, na khasa sisi tunaokumbuka yaliyoyapata mashamba ya wazee wetu.

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania, kwa mapatano na nchi nyengine tatu zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, ilisimamisha uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Hatuna ugomvi na mapumziko ya ziwa. Mvuvi mwenyewe ndiye wa kwanza kujua kwamba dagaa na migebuka wamepungua. Ugomvi wetu uko kwenye hesabu. Mtu wa Kibirizi hununua mashine, nyavu na taa kwa mkopo, na mara nyingi kitu pekee alichonacho cha kuweka rehani ni nyumba anayolala na watoto wake. Marejesho yanadaiwa kila mwezi, naye riziki yake ni usiku wa giza. Ziwa likifungwa, giza hupita bure na deni halipumziki.

Sasa itazameni sheria. Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyorekebishwa 2008, humpa mdaiwa notisi ya siku 60 kabla mkopeshaji hajapata haki ya kuuza. Ziwa lilifungwa miezi mitatu. Notisi ikitolewa mwanzo wa Juni humalizika mwanzo wa Agosti, mitumbwi ingali mchangani! Na yule asiye na hati, aliyeweka rehani karatasi ya mauziano tu, mara nyingi hata hizo siku 60 hahesabiwi.

Je, huyu ni mdaiwa mkaidi? La, hasha. Kilichomzuia kulipa ni amri, na mwenye amri anajulikana.

Hapa kwetu, bei ya karafuu ilipoanguka, mashamba mengi yalikuwa yamefungwa kwa madeni. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika zisihamishwe ovyo kwa wakopeshaji. Haikufanya hivyo kwa mapenzi, kwani ushuru wa karafuu ulikuwa nguzo ya hazina yake. Na tuseme kweli, baada ya hapo mkopo ulikuwa mgumu kupatikana. Lakini ilikiri kwamba madeni ya wakulima wengi kwa pamoja ni jambo la Serikali. Tena Mei 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ya Tanzania iliyapa mabenki nafasi ya kupanga upya marejesho ya waliokwama. Basi njia inajulikana.

Ardhi si jambo la Muungano, lakini mabenki ni la Muungano, na Wabunge kutoka visiwani wanakaa Dodoma. Tunawataka wapeleke hoja hii: kila amri ya kufunga maji itoke pamoja na amri ya kusimamisha marejesho na notisi kwa siku zile zile, wala riba isizidi kuzaa ndani yake. Hapa kwetu nako miamba hufungwa ili pweza wakue, na wanawake wa pwani nao wana mikopo.