Bieniemy: Mataji mawili, mahojiano tele, kiti cha kocha mkuu hakuna

KANSAS City Chiefs walipowalaza San Francisco 49ers 31-20 mnamo Februari 2020 na kukomesha ukame wa miaka 50 bila taji la Super Bowl, wadadisi wengi wa kandanda ya Kimarekani walikuwa na yakini kwamba siku za Eric Bieniemy kama msaidizi zilikuwa zimekwisha. Alikuwa mratibu wa mashambulizi wa kikosi kilichoogopwa kuliko vyote. Ligi ya NFL ina timu 32, na kila msimu unapomalizika kadhaa kati yazo huwapiga kalamu makocha wao na kuanza kusaka wengine.

Februari 2023 Chiefs walitwaa taji jingine, safari hii wakiwabwaga Philadelphia Eagles 38-35. Bieniemy alikuwa bado mratibu. Kufikia wakati huo timu zaidi ya kumi zilikuwa zimemwita, zikamhoji, zikamshukuru na kumwajiri mtu mwingine.

Ili kuelewa kisa hiki, sharti kwanza mtu aelewe nafasi aliyocheza. Kandanda ya Kimarekani inakaribiana na raga kuliko soka, na ndiyo maana Mkenya Daniel Adongo aliweza kutoka katika raga na kujiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013. Katika mchezo huo kwotabeki ndiye hupokea maagizo ya kocha, huyasoma mapango ya wapinzani na kurusha mpira. Mkimbiaji hupokezwa mpira mkononi na kujitosa katikati ya majitu yanayotaka kumwangusha. Wa kwanza huhesabiwa kuwa bongo la timu, wa pili misuli yake.

Bieniemy, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1969 na kulelewa California, alikuwa mkimbiaji mfupi wa kimo lakini mgumu kuangushwa. Akiwa Chuo Kikuu cha Colorado alikimbia yadi 1,628 katika msimu wa 1990, akamaliza wa tatu katika kura ya tuzo ya Heisman, na chuo chake kikatawazwa bingwa wa kitaifa baada ya kuwapiku Notre Dame 10-9 katika Orange Bowl. San Diego Chargers walimteua katika raundi ya pili mwaka 1991. Huko hakuvuma sana. Alidumu misimu tisa, akihamia Cincinnati Bengals na hatimaye Eagles mwaka 1999, ambapo kocha mpya alikuwa Andy Reid.

Alirejea Colorado mwaka 2001, akakamilisha masomo yake na kuanza kuwanoa wakimbiaji. Alipitia UCLA, kisha mwaka 2006 akaingia Minnesota Vikings. Ni chini ya uangalizi wake pale ambapo Adrian Peterson, chipukizi wa msimu wa kwanza, alikimbia yadi 296 katika mechi moja Novemba 2007 na kuweka rekodi ya ligi. Mwaka 2013 Reid alimwita Kansas City. Miaka minne baadaye Kareem Hunt, chipukizi mwingine, aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,327. Mkufunzi ambaye wakimbiaji wake hung'aa popote aendapo hawezi kuambiwa kwamba ni bahati tu.

Reid aliwahi kuwa na waratibu wengine wa mashambulizi pale Kansas City kabla ya Bieniemy. Doug Pederson aliondoka kuwa kocha mkuu wa Eagles mwaka 2016. Matt Nagy akaondoka kuwa kocha mkuu wa Chicago Bears mwaka 2018. Wote wawili ni wazungu, na wote wawili walikuwa makwotabeki enzi zao. Bieniemy, aliyerithi kiti hicho hicho mwaka 2018, aliwapita kwa matokeo. Msimu wake wa kwanza Chiefs walifunga pointi 565, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi, na Patrick Mahomes akarusha pasi 50 za kufunga na kutuzwa mchezaji bora. Misimu yote mitano ya Bieniemy timu ilifika angalau nusu fainali, ikiwa nyumbani.

Wanaomtilia shaka wana hoja, na si haki kuzipuuza. Wanasema Reid ndiye aliyekuwa akichagua mbinu za mashambulizi uwanjani, na kwamba yeyote angefua dafu akiwa na Mahomes. Hoja ya kwanza ina uzito kiasi: Nagy alikuwa amekabidhiwa jukumu la kuchagua mbinu mwishoni mwa msimu wa 2017, na Pederson naye alipewa sehemu yake kabla ya kuondoka. Lakini ile ya pili inageuka kinaya. Nagy na Pederson hawakumtegemea Mahomes, na hakuna aliyewadai wathibitishe kwamba wangeshinda bila Reid.

Kiini cha tatizo kinaweza kupatikana katika njia ambayo makocha hupitishwa. Wamiliki wa timu hupenda kuajiri waliotoka upande wa mashambulizi, hasa waliofunza makwotabeki. Kwa miongo mingi wachezaji weusi walisukumwa mbali na nafasi hiyo, wakaelekezwa kwenye kukimbia, kudaka na kukaba. Mchezaji anapostaafu, aghalabu hufunza kile alichocheza. Hivyo basi mlango uliofungwa akiwa na miaka 18 humkuta umefungwa tena akiwa na miaka 50, ingawa zaidi ya nusu ya wachezaji wa ligi ni weusi.

Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi. Byron Leftwich ni mweusi na alikuwa kwotabeki. Alikuwa mratibu wa mashambulizi wa Tampa Bay Buccaneers walipowapiga hao hao Chiefs 31-9 Februari 2021. Mwaka uliofuata alihojiwa na Jacksonville Jaguars. Kazi ikamwendea Pederson, ambaye Eagles walikuwa wamemtimua. Kwa upande mwingine yupo Anthony Lynn, mweusi na mkimbiaji wa zamani, ambaye Chargers walimpa timu mwaka 2017. Alishinda mechi 12 za msimu wa 2018 na kupoteza nne, na alipotemwa Januari 2021 alikuwa na ushindi mara 33 dhidi ya vichapo 31. Nafasi aliyochezea haikumzuia. Swali ni kwa nini mifano kama yake ni adimu.

Historia inazidisha uchungu wa swali hilo. Kocha mkuu wa kwanza mweusi wa ligi hiyo alikuwa mkimbiaji. Fritz Pollard aliisaidia Akron Pros kutwaa ubingwa wa 1920, na mwaka 1921 akawa mchezaji na kocha kwa pamoja. Baadaye ligi iliwafungia weusi nje kabisa, na kuanzia 1934 hadi 1946 hawakuonekana uwanjani. Kocha mkuu mwingine mweusi, Art Shell wa Raiders, hakupatikana hadi 1989.

Mwaka 2003 ligi ilipitisha Kanuni ya Rooney, iliyopewa jina la Dan Rooney, mmiliki wa Pittsburgh Steelers. Iliilazimu kila timu imhoji angalau mwaniaji mmoja kutoka jamii za wachache kabla ya kuajiri kocha mkuu. Kasoro yake i wazi: inahesabu mahojiano, haihesabu ajira. Timu inaweza kumwita Bieniemy, ikatimiza sheria na kuendelea na mpango wake. Mnamo Februari 2022 kocha Brian Flores aliishtaki ligi, akidai kwamba New York Giants walimhoji ilhali walikuwa wamekwisha kumchagua mwingine. Giants walikanusha. Siku alipowasilisha kesi hiyo, Mike Tomlin wa Steelers alikuwa kocha mkuu mweusi pekee katika timu zote 32. Marekebisho ya 2020, yanayoizawadia timu nafasi za ziada za kuteua chipukizi msaidizi wake anapopata ukocha mkuu kwingine, yanamnufaisha anayempoteza kocha. Anayepaswa kushawishiwa ni yule anayeajiri.

Mwaka 2023 Bieniemy alifanya kile alichoshauriwa na wakosoaji wake. Alimwacha Reid na Mahomes, akaenda Washington Commanders kuchagua mbinu mwenyewe. Timu ilishinda mechi nne na kupoteza 13, kocha mkuu Ron Rivera akatimuliwa, na Bieniemy hakubakizwa. Mwaka 2024 alikuwa mratibu UCLA, chini ya DeShaun Foster, mkimbiaji mwingine wa zamani. Chuo kilishinda mechi tano kati ya 12, naye akaondoka baada ya msimu mmoja.

Kiti alichokiacha Kansas City kilikaliwa na Nagy, ambaye Bears walikuwa wamemfuta Januari 2022 na Reid akampokea tena. Mwaka 2025 Bieniemy naye alipata kazi Chicago, kwa Bears hao hao waliompa Nagy ukocha mkuu miaka saba iliyotangulia. Aliajiriwa kuwafunza wakimbiaji, kazi ile ile aliyoingia nayo NFL mwaka 2006.