Ruta ya nyumbani nayo ipimwe afya

Intaneti ikigoma, wazazi wengi huilaumu kampuni au huongeza bando. Mara nyingi mgonjwa ni ruta yenyewe, iliyobanwa nyuma ya televisheni na kufunikwa kitambaa. Kifaa hicho hutoa joto. Kikikosa hewa, kasi hupungua au hujizima.

Lakini si kila ugonjwa wa ruta una dalili. Mwaka 2018, kirusi VPNFilter kilikutwa kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Kiliweza kuiba nywila bila mwenye nyumba kujua.

Kuipima hakuhitaji fundi. Mara moja kwa mwezi, mzazi afungue ukurasa wa ruta kwa anwani iliyobandikwa chini yake, ahesabu vifaa vilivyounganishwa. Nyumba yenye simu tatu na televisheni moja ina vifaa vinne. Vikionekana saba, aulize vitatu ni vya nani. Kisha abadilishe nywila iliyotoka kiwandani na asasishe programu.

Masomo ya mtoto na akaunti ya benki ya mama hupita kwenye kisanduku hicho hicho.